UZI: Askofu msaidizi hayuko foleni. Tuwasome Kilaini, Nkalanga na Nzigilwa, watu wa Ziwa letu

Mlezi_Igoma:

Wakuu heshima kwenu. Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki wenzangu, na shikamooni wakubwa wote mlioko humu.

Nimeona nifungue uzi kabisa maana hili jambo linaniuma muda mrefu. Huku kwetu Mwanza akitajwa askofu msaidizi yeyote, yani askofu anayemsaidia askofu mwenye jimbo, iwe kwenye jumuiya, iwe pale nje ya kanisa watu wakisubiri Misa ya pili, swali la kwanza ni "huyu jimbo lake atapewa lini?" na ukipita muda hajapewa wanaanza kunong'ona "amekwama huyo, lazima kuna kitu". Jamani. Mtu ameshawekewa mikono na maaskofu, ana utimilifu wa daraja, anatoa upadre, anatoa kipaimara, anahubiri na kufundisha kama askofu mwingine yeyote, halafu sisi tunamhesabu kama mchezaji wa akiba aliyekaa benchi anasubiri mwenzake aumie.

Mimi mfano wangu mkubwa ni Baba Askofu Methodius Kilaini, na nataka tuyafuate maisha yake taratibu bila haraka maana yanajibu karibu kila kitu.

Amezaliwa Bukoba 30 Machi 1948. Upadre 1972. Akasoma, na wanaofuatilia wanajua huyu ni mwanahistoria wa Kanisa, ukimkuta anaeleza jinsi imani ilivyoingia nchi hii unakaa chini unasikiliza. Miaka ya 90 akawa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, TEC, pale Kurasini. Wanaosema msaidizi ni mtu wa kubeba mafaili tu wajiulize, mtu aliyekaa kiti cha Katibu Mkuu wa maaskofu wote Tanzania, anayejua shule zao hospitali zao na migogoro yao, anakuja kuwa wa kubeba mafaili kweli?

Tarehe 22 Desemba 1999 Papa Yohane Paulo II akamteua askofu msaidizi wa Dar es Salaam, akawekwa wakfu Machi 2000, bosi wake Kadinali Polycarp Pengo. Jimbo kuu la Dar wakati huo si jiji peke yake, lilikuwa linabeba na eneo kubwa la Pwani, Kibaha, Kisarawe. Na Pengo alikuwa kadinali tangu 1998, maana yake kuna safari za Roma, kuna kazi za Kanisa la dunia. Sasa nani anaenda kutoa kipaimara huko ndani? Nani anawapokea mapadre wenye shida zao? Ndiyo kazi hiyo.

Sasa njooni kwenye sehemu ninayotaka muisome polepole. Tarehe 5 Desemba 2009 Papa Benedikto XVI anamhamisha Kilaini kutoka Dar kwenda Bukoba, kuwa... askofu msaidizi. Alikuwa msaidizi kwenye jimbo kuu kubwa kuliko yote nchini, akaenda kuwa msaidizi kwenye jimbo la kawaida. Kwa hesabu za ofisini kwetu hiyo ni kushushwa cheo mchana kweupe. Na Bukoba alikuwepo Askofu Nestorius Timanywa ambaye alikuwa askofu pale tangu 1974, umri umeenda, jimbo ni lake ila mwili unahitaji mkono. Kilaini akaenda akawa huo mkono.

Mwaka 2013 Timanywa akastaafu. Hapo ukiwauliza watu wa vijiweni wote wangekwambia basi zamu ya Kilaini imefika. Akaletwa Askofu Desiderius Rwoma kutoka Singida. Kilaini akabaki msaidizi, akaendelea na ziara za parokia. Mwezi wa kumi 2022 Rwoma naye akastaafu na hapo Papa Fransisko akamkabidhi Kilaini jimbo kama msimamizi wa kitume, yani analiendesha mpaka apatikane askofu. Machi 2023 akatimiza miaka 75 ambayo ndiyo umri wa askofu kuandika barua ya kung'atuka, na bado alikuwa amelishika jimbo. Oktoba 2023 akateuliwa Askofu Jovitus Mwijage, akawekwa wakfu 27 Januari 2024, jimbo likakabidhiwa.

Angalieni hapo: Pengo, Timanywa, Rwoma, watu watatu tofauti, tabia tofauti, na mtu mmoja aliwatumikia wote watatu bila kiti cha enzi kuwa cha kwake. Mimi naona hayo ni maisha kamili ya uaskofu na ni magumu kuliko ya mwenye jimbo, maana mwenye jimbo akiamua ameamua, lakini msaidizi anatakiwa awe na mawazo yake, ayaseme kwa ukweli mbele ya askofu wake, na yakikataliwa atoke nje akatekeleze yale ya mwenzake kwa moyo wote. Hebu jaribu hiyo kazini kwako kwa zaidi ya miaka ishirini.

Karibuni.

Dagaa_wa_Kirumba:

Mkuu uzi mzuri na Kilaini namheshimu sana ila nakupinga kidogo. Swali la watu halijatoka hewani. Tazama listi ya wasaidizi wa Dar. Salutaris Libena aliteuliwa 2010, mwaka 2012 akapewa Ifakara. Eusebius Nzigilwa aliteuliwa siku ile ile na Libena, mwaka 2020 akapewa Mpanda. Stephano Musomba aliteuliwa 2021 pamoja na Henry Mchamungu, na 2025 Musomba akapewa jimbo jipya la Bagamoyo. Sasa mtu wa kawaida akiona hivyo atasema nini zaidi ya kwamba Dar ni mahali pa kufundishia maaskofu? Nadhani hata Roma wenyewe wanaiona hivyo, wanamweka mtu chini ya mzoefu wanamwangalia kisha wanampeleka.

Mlezi_Igoma:

Dagaa listi yako ni sahihi na siwezi kuikataa, wapo wengi wanaopewa majimbo. Lakini soma miaka kwenye listi hiyo hiyo. Libena na Nzigilwa walitangazwa siku moja, 28 Januari 2010. Mmoja miaka miwili, mwingine kumi. Kama ingekuwa ni darasa basi wangemaliza pamoja. Kwahiyo uteuzi unaangalia jimbo gani liko wazi na linahitaji mtu wa namna gani, wala hauangalii nani kasubiri sana.

Na kuna kitu kingine kwenye hiyo tarehe. Kilaini ametolewa Dar Desemba 2009, Januari 2010 wanaingia wawili. Ametoka mmoja wamekuja wawili. Hapo unajua mzigo aliokuwa anaubeba.

Halafu huyo Nzigilwa tusimpite, ni mtoto wa Mwanza huyu. Kazaliwa hapa 14 Agosti 1966, upadre akaupata Dar 1995, akateuliwa askofu akiwa na miaka 43. Sheria ya Kanisa inataka askofu awe na angalau miaka 35 na upadre wa miaka mitano, kwahiyo alikuwa ndani ya mstari kabisa ila bado alikuwa kijana. Alikaa Dar chini ya Pengo, kisha ule mwaka wa makabidhiano 2019 Pengo alipostaafu akaingia Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi (ambaye sisi Mwanza tulimfahamu maana ndiye alikuwa Askofu Mkuu wetu kuanzia uteuzi wa Novemba 2010 hadi alipohamishiwa Dar 2018). Mei 2020 wakati dunia nzima imejifungia kwa korona ndipo Nzigilwa akateuliwa Mpanda, jimbo ambalo lilikuwa halina askofu tangu Gervas Nyaisonga alipopelekwa Mbeya mwishoni mwa 2018. Mpanda walikuwa wamesubiri mwaka na ushee. Katika uteuzi ule tunaambiwa Nzigilwa "amepata jimbo", mimi nasema Mpanda ndio walipata askofu.

Mama_Kipaimara:

Tumsifu Yesu Kristo wanangu. Mimi si mwandikaji sana ila hili limenigusa maana nalea watoto wa kipaimara na wazazi wananisumbua. Ikitangazwa kwamba anayekuja kutoa kipaimara ni askofu msaidizi au askofu mstaafu kuna wazazi wanaweka uso, wanataka Askofu Mkuu mwenyewe, wanasema mtoto apige picha na mwenyewe. Na mmoja aliniuliza kabisa kama kipaimara hicho "kinakuwa na nguvu ile ile". Naomba mnisaidie maneno ya kuwajibu kwa upole.

Mlezi_Igoma:

Milele amina mama yangu, na shikamoo. Waambie hivi: askofu yeyote aliyewekwa wakfu ni mhudumu wa kawaida wa kipaimara. Krisma, yale mafuta matakatifu, ni ile ile, imebarikiwa na askofu wa jimbo kwenye Misa ya Krisma wakati wa Wiki Kuu, kuwekewa mikono ni kule kule, Roho Mtakatifu ni yule yule. Msaidizi anapokuja parokiani amekuja kwa ruhusa na agizo la askofu wa jimbo kwahiyo hata huo utii kwa "mwenyewe" upo.

Tofauti ziko sehemu nyingine na ni vizuri wazazi wakazijua. Ile kathedra, kiti cha kiaskofu kule kanisa kuu, kwetu ni pale Epifania Bugando, ni cha askofu wa jimbo. Msaidizi akiongoza Misa anaandaliwa kiti kingine. Fimbo ya kichungaji anaibeba kwa ridhaa ya askofu wa jimbo. Mitra (ile kofia ndefu), pete, msalaba wa kifuani, hivyo ni vyake. Na padre akifika kwenye Sala ya Ekaristi anamtaja Papa na askofu wa jimbo kwa jina, wasaidizi wanaweza kutajwa baada yake. Kwahiyo mamlaka ya kuongoza jimbo ni ya mmoja, ila daraja ni moja kwa wote.

KKKT_Nyakato:

Naomba niulize kama jirani, mimi ni Mlutheri wa Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Victoria. Sisi kwetu kuna Msaidizi wa Askofu lakini yule ni mchungaji, hajawekwa wakfu kuwa askofu, anamsaidia Askofu kuendesha dayosisi na akimaliza muda wake anarudi kuwa mchungaji kama wengine. Kwahiyo nilikuwa najua na wenu ni hivyo hivyo. Sasa mnaponiambia wenu ni askofu kamili swali langu ni je jimbo moja linakuwaje na maaskofu wawili watatu bila kugongana?

Mlezi_Igoma:

Karibu sana jirani na asante kwa swali la heshima. Yule wa kwenu kwa kazi anafanana zaidi na tunayemwita vika jenerali, naibu wa askofu katika kuongoza jimbo, ambaye kwetu anaweza kuwa padre tu. Ila jimbo likiwa na askofu msaidizi sheria inamtaka askofu wa jimbo ampe huyo msaidizi madaraka ya vika jenerali, au angalau vika wa kiaskofu kwa eneo fulani au kazi fulani. Pia inamtaka ashauriane naye kwenye mambo mazito kabla hajamwendea mtu mwingine. Hivyo ndivyo hawagongani, mmoja ndiye kichwa, wengine wana madaraka waliyopewa na yameandikwa.

Na askofu msaidizi haji bila kuombwa. Askofu wa jimbo ndiye anaomba Roma kwamba mahitaji ya kichungaji yamenizidi naomba msaidizi. Balozi wa Papa anafanya uchunguzi wa majina kwa siri, anapeleka, Papa anateua. Sasa mnaposema "huyu atapewa lini jimbo" mnasahau kwamba kuna askofu mahali alipiga magoti akamwomba aje.

Kijana_wa_Malimbe:

Broo mi nasoma hapa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kuna kitu hakijanikaa. Nimeona Kilaini anaandikwa "Askofu wa Strathernia" na Nzigilwa kabla ya Mpanda alikuwa "Askofu wa Mozotcori". Hizo sehemu ziko wapi na waliwahi kwenda?

Mlezi_Igoma:

Swali zuri mdogo wangu. Tangu zamani Kanisa linashika kwamba askofu hawekwi wakfu hewani, lazima awe amefungwa na kanisa fulani la mahali. Sasa msaidizi hawezi kupewa jina la jimbo analotumikia maana lina mwenyewe, kwahiyo anapewa jina la jimbo la kale ambalo leo halipo tena, mji ulikufa au Wakristo waliisha au mipaka ilibadilika. Strathernia ni huko Uskoti. Mozotcori ni Afrika ya Kaskazini, kule ambako zamani za Mtakatifu Augustino kulijaa majimbo kila kona. Hata Kadinali Laurean Rugambwa wa Bukoba alipoteuliwa kwa mara ya kwanza alipewa jina la Febiana, nalo la huko huko Afrika ya Kaskazini. Mtu hatumwi kuliongoza wala hana makao huko, ila mimi huwa naguswa sana na hili, kwamba makanisa yaliyokufa bado yana askofu mwenye kubeba jina lao, na mtu wa Bukoba anabeba jina la Waskoti wa karne zilizopita.

Halafu wewe uko SAUT, ujue hapo ulipo palianzishwa kama chuo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi mwaka 1960 na Askofu Joseph Blomjous. Uliza wakubwa hapo wakusimulie.

Omwana_wa_Kashozi:

Waitu mmeongea kote mmemwacha mzee wetu Gervasius Nkalanga, mimi bila huyo uzi naona una pengo. Mzee Rugambwa alipopewa ukadinali Machi 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza zama hizi, Bukoba ikawa na askofu ambaye dunia nzima inamwita, na baada ya hapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano 1962 hadi 1965 ambao maaskofu walikuwa wanakaa Roma miezi. Nkalanga akafanywa msaidizi wa Bukoba 1961. Yani hebu fikirini, kuwa msaidizi wa mtu kama Rugambwa, kila mtu anamtafuta Kadinali na wewe ndiye upo.

Desemba 1968 Rugambwa akahamishiwa Dar es Salaam. Mwaka 1969 Nkalanga akawa askofu wa Bukoba. Haya, hapo wale wa "atapewa lini" waseme amefika. Amepewa. Mwaka 1973 akaandika kung'atuka, akaenda kuwa mmonaki wa Wabenedikto, akaitwa Plasidi. Aliacha jimbo zima akaenda kuwa mtawa wa kuamka usiku kusali zaburi na wenzake, chini ya abati, mkuu wa monasteri, kwa utii. Timanywa ndiye akateuliwa baada yake. Nkalanga amefariki 2005 akiwa mmonaki.

Sasa mtu anayesema uaskofu ni ngazi ya kupanda aje anieleze huyu mzee alikuwa anapanda wapi.

Mlezi_Igoma:

Omwana asante mno. Ndiyo nimemweka kwenye kichwa cha uzi nikisubiri mtu wa kule amlete kwa mdomo wake. Hiki cha Nkalanga kwangu ni kizito kuliko hata cha Kilaini. Alishakuwa msaidizi, alishakuwa mwenye jimbo, vyote vilikuwa mkononi na akaona kuna kitu anakitaka zaidi ya vyote viwili.

Na wale wasiofika Bukoba niongeze tu, Rugambwa mwenyewe alifariki 8 Desemba 1997 akapumzishwa kwa muda Kashozi kwa huyu mwenzetu, parokia mama ya Bukoba, na Oktoba 2012 mwili ukahamishiwa Kanisa Kuu Bukoba mjini baada ya kukarabatiwa. Kilaini wakati huo ndiye alikuwa msaidizi pale. Ukiyajua hayo unaona jinsi Bukoba walivyo na mazoea na hiki cheo, kuanzia 1961, ndiyo maana hutasikia huko maswali ya ajabu kama ya huku kwetu.

Msukuma_wa_Bukumbi:

Nawasalimu wote. Mimi ni wa Bukumbi pale walipojenga Wamisionari wa Afrika mwaka 1883 kwahiyo na mimi nina haki ya kusema kidogo hahaha.

Maswali mawili. La kwanza, kwanini Dar wanakuwa na wasaidizi wawili wawili na huku Kanda ya Ziwa tuna watu wengi vilevile hatuwazoei? La pili, Askofu Mkuu wetu Anthony Mayala alipofariki Agosti 2009 tulikaa muda mrefu bila askofu mpaka Ruwa'ichi akateuliwa Novemba 2010. Kama jimbo lina msaidizi na askofu akafa, msaidizi si anachukua?

Mlezi_Igoma:

Mkuu nianze na la pili. Hachukui. Anayechukua moja kwa moja ni askofu mwandamizi, huyo ni mwingine kabisa na huyo ndiye ana haki ya kurithi. Mfano Ruwa'ichi alipotolewa kwetu Juni 2018 alikwenda Dar kama Askofu Mkuu Mwandamizi, kwahiyo Pengo alipong'atuka Agosti 2019 hapakuhitajika uteuzi mwingine, akawa ndiye. Na Kadinali Protase Rugambwa vilevile, huyu naye ni wa Bukoba, kazaliwa Bunena 1960, akapewa upadre na Papa Yohane Paulo II mwenyewe Dar es Salaam Septemba 1990, akawa askofu wa Kigoma 2008, akaenda kufanya kazi Vatikani, Aprili 2023 akarudishwa kuwa mwandamizi wa Tabora, na Askofu Mkuu Ruzoka wa pale alipostaafu 2024 akaingia.

Msaidizi hana hiyo haki. Askofu akifariki msaidizi anabaki na madaraka aliyokuwa nayo kama vika, na ndiye anayeshika uongozi kwa siku zile za mwanzo, kama wapo wawili anashika aliyetangulia kuteuliwa. Halafu baraza la washauri, ambao ni mapadre, linatakiwa ndani ya siku nane limchague msimamizi wa jimbo, isipokuwa Roma ikimweka mtu wake kama ilivyokuwa kwa Kilaini 2022. Wanaweza kumchagua huyo huyo msaidizi au padre. Jimbo likiwa wazi hakuna kuanzisha mambo mapya makubwa, ni kutunza nyumba.

Sasa la kwanza ambalo naona ndilo kiini cha haya maneno yetu yote. Huku Ziwani Kanisa lilipozidiwa na ukubwa lilikata majimbo. Geita ikatoka 1984. Mwanza yenyewe ikawa jimbo kuu 1987. Kayanga ikatoka 2008. Bunda ikazaliwa Novemba 2010 na Ukerewe ikaenda huko, na askofu wao wa kwanza akawa Renatus Nkwande, padre wa hapa hapa Mwanza, ambaye Februari 2019 akarudishwa kwetu kuwa Askofu Mkuu. Kwahiyo mtu wa Ukerewe hana haja ya kumsubiri msaidizi avuke maji kutoka Mwanza, ana askofu wake Bunda. Dar walifanya tofauti, jiji ni kitu kimoja, ni vigumu kulikata katikati ya Ubungo, kwahiyo wakaongeza watu kwa miaka mingi mpaka 2025 ndipo Bagamoyo ikakatwa, na aliyekabidhiwa ni yule yule Musomba aliyekuwa msaidizi.

Sasa sisi tuliokulia kwenye majimbo ya kukatwa tumezoea kwamba askofu ni lazima awe na jimbo, ndiyo maana tukimwona asiye na jimbo tunadhani amepungukiwa. Ni mazoea ya kwetu wala si mafundisho ya Kanisa.

Dagaa_wa_Kirumba:

Hapo kwenye kukata majimbo umenipata mkuu, sikuwahi kulitazama hivyo. Ila bado nasema kuna binadamu ndani ya hiyo kanzu. Kilaini mwaka 2013 akimwona mwenzake anatoka Singida kuja kusimikwa nyumbani kwao Bukoba, unadhani hakuhisi kitu?

Mlezi_Igoma:

Siwezi kuingia moyoni mwa mtu mkuu na sitajaribu. Ninachokiona ni cha nje na kinaonekana na kila mtu: alibaki, akafanya kazi na Rwoma miaka tisa, na Rwoma alipoondoka Roma ikaona wa kukabidhiwa jimbo ni yeye. Jimbo hawakabidhiwi watu walionuna. Na hiyo miaka tisa haikuwa ya mteremko, Septemba 2016 tetemeko lilipiga Kagera, nyumba zikaanguka, watu wakafa, makanisa na shule vikapasuka. Wakati kama huo waumini wanataka kuona askofu amesimama kwenye kifusi chao, hawaulizi ni msaidizi au ni mwenyewe.

Omwana_wa_Kashozi:

Kweli tupu. Mimi tetemeko lile nilikuwepo. Watu walilala nje.

Mama_Kipaimara:

Asanteni wanangu, nimesoma yote, kijana wangu kanisaidia kukuza maandishi. Sasa nina maneno ya kuwaambia wale wazazi. Naomba la mwisho, siku yenyewe bango la mapokezi tuandike nini? Kuna mwanakamati anataka tuandike "Askofu Msaidizi" kwa herufi kubwa, mwingine anasema ni kumvunjia heshima. Na kwenye vyeti vya watoto?

Mlezi_Igoma:

Mama bango andikeni "Karibu Baba Askofu" na jina lake, inatosha, na mkimsalimia ni Baba Askofu hivyo hivyo kama mwingine yeyote. Neno msaidizi si la kumvunjia heshima, ni cheo chake halali, ila bango la kumkaribisha si lazima libebe maelezo yote.

Kwenye vyeti na daftari la kipaimara ndiyo msikosee. Linaandikwa jina la mtoto, wazazi, msimamizi, mahali, tarehe, na jina la mhudumu aliyetoa. Kama ametoa msaidizi liandikwe jina lake yeye, msiandike la Askofu Mkuu kwa sababu ya mazoea au kwa sababu vyeti vya mwaka jana vilichapwa hivyo. Mtoto huyo kesho akitaka ndoa Sengerema au Dar paroko wa kule atauliza taarifa hapo hapo kwenye daftari lenu. Mwambie katibu wa parokia aangalie kabla hamjapeleka kuchapa.

Mama_Kipaimara:

Vilishachapwa vina jina la Askofu Mkuu. Ngoja nimpigie sasa hivi.